Bao la Usiku wa Ijumaa: Je, Mtu Ana Saa Yake?

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, limetufikia katika darasa letu jambo ambalo kwa nje laonekana dogo, na kwa ndani si dogo. Ni jambo la bao. Huenda msomaji akacheka akasema: "Yameshatengenea mambo yote ya umma huu, hata masheikh wamebakiwa na bao la kete?" Na angoje kidogo kabla ya kucheka. Ndani ya jambo hili mmeingia hukumu ya dini, heshima ya mzazi, haki ya mke, na swali ambalo yampasa kila mwenye akili ajiulize kabla hajaulizwa Siku ya Kiama: wakati wangu ni wa nani?

Kisa chenyewe ni hiki. Wako watu wazima wapatao kumi na wawili katika mtaa mmoja wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, ambao kila Alhamisi baada ya swala ya Isha hukutana katika baraza moja wakacheza bao. Mbao ni mbili. Wanne hucheza, waliobaki hutazama, hunywa kahawa na kungojea zamu zao. Ni watu wa swala, na hawawekeani hata senti moja. Wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na katika wao wako waliofiwa na wenzao wa zamani, wakawapa nafasi zao watu wengine, na baraza ikaendelea.

Alhamisi moja kijana mmoja, mwana wa mmoja katika wachezaji hao, aliyerudi karibuni kutoka masomoni, aliwasimamia wakicheza. Aliwaambia kuwa walifanyalo ni haramu, akawatajia Hadithi ya nardashiri iliyopokewa na Imam Muslim, ambayo imemfananisha mwenye kuucheza mchezo huo na mtu aliyeutia mkono wake katika nyama ya nguruwe na damu yake. Mmoja wa wazee alimjibu kwa mzaha. Kijana akaghadhibika, akaupindua ubao, na kete zikatawanyika njiani. Hakuna aliyesema neno. Baba yake aliinama akaziokota moja moja kwa mwangaza wa simu ya mwenziwe. Alipozihesabu, katika kete 64 alipata 62.

Siku ya pili, baada ya swala ya Ijumaa, wote wawili walikuja darasani. Kijana alikuja na kitabu. Baba alikuja mikono mitupu. Kijana alisema kwa urefu, na mengi katika aliyoyasema yalikuwa na asili. Baba alipopewa zamu yake hakutoa hoja. Alisema: "Sheikh, mimi nimefanya kazi ya mizigo bandarini miaka thelathini. Mchana wangu ulikuwa wa tajiri, jioni yangu ni ya watoto, alfajiri yangu ni ya Mola wangu. Nauliza neno moja tu: katika wiki nzima, sina hata saa moja iliyo yangu?"

Swali hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lakini haifai kulijibu kabla ya kuibainisha hukumu ya mchezo wenyewe, kwani kama mchezo ni haramu, basi hakuna haja ya kuuliza saa yake ni ya nani.

Hadithi aliyoitaja kijana ni sahihi, wala hatuwezi kuipuuza. Lakini nard ni mchezo wa dadu. Mchezaji hutupa dadu, na linalotoka ndilo linalomwamuru. Ama sataranji, ambayo haina dadu, wanavyuoni wamehitilafiana. Wako walioiharamisha kabisa, nao ni wengi katika madhihabi nyingine. Katika madhihabi yetu ya Imam Shafii, ambayo watu wa mwambao huu wameifuata kwa karne nyingi, sataranji ni makuruhu wala si haramu, madhali haikuwekewa mali wala haikumpitishia mtu wakati wa swala. Na katika Tabiina amepokewa Said bin Jubayr kuwa aliicheza hali ya kuupa ubao mgongo, yaani bila ya kuutazama.

Imam Rafii, aliyefariki mwaka 623 wa Hijra, yaani mwaka 1226, ameweka kipimo ambacho chatutosha. Kila mchezo ambao tegemeo lake ni hesabu na fikira hupimwa kwa sataranji. Na kila mchezo ambao tegemeo lake ni kubahatisha hupimwa kwa nard. Na Ibn Hajar al-Haytami, katika kitabu chake Tuhfa, alipokieleza kipimo hicho alitoa mfano wa mchezo uitwao kwa Kiarabu manqala: mashimo au mistari ambamo vijiwe huhamishwa kwa hesabu. Akauweka katika upande usioharamishwa. Basi ni nani katika sisi asiyeliona bao letu hapo? Kitabu alichokuja nacho yule kijana kilikuwa na Hadithi ndani yake. Walakini tafauti baina ya nard na manqala hakuifikia, na pengine hakuitafuta.

Na lau angeliketi akatazama mchezo mmoja mpaka mwisho kabla ya kuupindua, angaliona mwenyewe. Ubao wa bao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji ana kete 32: aanza na kete 10 ubaoni, na 22 ziko mkononi, azitia moja moja kila zamu yake. Hapana dadu inayotupwa wala karata inayofichwa. Kila kilichoko ubaoni kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili, na mwenye kushindwa hana wa kumlaumu isipokuwa hesabu yake. Kete zinazoliwa hazitoki nje. Huhamia upande wa aliyezila, zikamtumikia yeye. Kwa hivyo mizani ya mchezo yaweza kupinduka mara nyingi kabla haujesha, na fundi ni yule awezaye kuona katika kichwa chake kete zitakapofika baada ya mizunguko mingi. Mwaka 1995 mtaalamu wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alitoa kitabu kizima juu ya mafundi wa bao wa Unguja, kwa kutaka kujua akili ya mwanadamu yafikia wapi katika hesabu kama hizo. Mchezo huu si wa kubahatisha.

Kwa kipimo hicho hicho, ludo ambayo watoto wetu waicheza iko karibu na nard, kwani yaendeshwa na dadu. Na watu wazima wapenda kuisamehe kwa sababu ubao wake una rangi nzuri. Dhumna nayo imechanganya, ndani yake mna bahati na mna hesabu, na mwenye kujiepusha nayo amejichungia dini yake. Twasema haya ili ijulikane kuwa hatukuja kuwatetea wazee wa barazani. Tumekuja kupima, na mizani haina mjomba.

Hapa kijana alinijibu jibu zuri, nami nalitaja kwa insafu. Alisema: "Sheikh, Ibn Taymiyya ameikataza sataranji, akasema kuwa yaushughulisha moyo na akili kuliko nard, kwani mwenye kucheza huzama ndani ya fikira zake hata akasahau kila kitu." Ni kweli, amesema maana hiyo, naye alikuwa bahari ya elimu. Lakini tuitazame sababu aliyoitoa. Amesema ni kushughulisha: kuuziba moyo usimkumbuke Mola wake na kumzuilia mtu na swala yake. Basi sababu inapopatikana, hukumu huja nayo. Na hili ni kweli kwa bao, na ni kweli kwa biashara, na ni kweli kwa mpira, na ni kweli hata kwa mijadala ya dini inayowakesha vijana mpaka Alfajiri ikawapita. Katika sura ya Al-Jumua Mwenyezi Mungu amewalaumu walioiona biashara au upuuzi wakaukimbilia, wakamwacha Mtume amesimama. Aliitaja biashara pamoja na upuuzi katika lawama moja, na hapana mwanachuoni aliyefahamu kuwa biashara ni haramu. Kilicholaumiwa ni kumwacha Mtume amesimama.

Na Imam Ghazali amesema katika Ihyaa maneno ambayo wazee wetu wa barazani hawana budi kuyasikia, kwani upande huu ni wao walaumiwao. Amefundisha kuwa katika mambo ya halali mna ambayo yakidumishwa huwa mabaya, na mfano alioutoa ni sataranji hiyo hiyo: kuicheza ni halali, na kuiandama ni makuruhu iliyo kali. Kwa hivyo suali halikwishi kwa kusema, "Hukumu yake si haramu." Dawa inywewayo kijiko ikinywewa chupa huua, na chupa ni ile ile.

Sasa na turejee kwenye suali la yule baba: je, mtu ana saa yake?

Wako wasemao kuwa mtu hana. Wao husema: Mwenyezi Mungu ametuumba tumwabudu, basi kila pumzi isiyo ibada ni hasara, na mchezo si ibada, basi mchezo ni hasara. Maneno haya yana sura ya uchamungu, lakini sivyo alivyotufundisha Mtume (S.A.W.). Sahaba Handhala alikwenda kwa Mtume akilia, akasema kuwa amekuwa mnafiki, kwani akiwa mbele ya Mtume huiona Akhera kama kwa macho yake, na akirudi kwa mke na watoto na mashamba husahau mengi. Mtume hakumwambia auche mke na watoto na mashamba. Alimfahamisha kuwa lau wangalidumu katika hali ile, Malaika wangaliwapa mikono njiani na vitandani. Lakini mambo ni saa na saa. Na Wahabeshi walipocheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Mtume siku ya Idi, Mtume aliwaacha wacheze. Na Imam Ghazali mwenyewe ameandika kuwa mtoto aruhusiwe mchezo mzuri baada ya chuo, kwani kumzuilia mchezo na kumtopeza kwa masomo daima huuua moyo wake na kuizima akili yake. Ikiwa moyo wa mtoto wafa kwa kukosa mapumziko, moyo wa mchukuzi wa mizigo umeumbwa kwa chuma?

Na wako wengine, nao ndio wengi zaidi katika zama zetu, wasemao kinyume cha hayo: "Saa yangu ni yangu, nimeilipia kwa jasho langu, asiniulize mtu nimeitumiaje." Hawa nao wamekosea, na kosa lao ni kubwa zaidi. Mtu hukiita chake kile alichokichuma au alichokirithi. Saa gani uliyoichuma? Jua halikuchomoza kwa amri yako. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa neema mbili watu wengi hupunjika kwazo: afya na faragha. Na hapunjiki ila mfanyaji biashara. Yaani mwenye faragha ana mtaji mkononi, na ataulizwa faida yake.

Basi ikiwa saa si yake, na tena hakukatazwa kupumzika ndani yake, tuseme nini? Mimi naona mfano ulio karibu nasi ni msimamizi wa wakfu. Sisi watu wa Mombasa na Lamu na Malindi twaijua wakfu, na twayajua mazuri yake na yaliyoiharibu. Msimamizi haimiliki nyumba ya wakfu. Hawezi kuiuza wala kumpa rafiki yake. Lakini sharia imempa haki ya kula ndani ya mapato yake kwa wema, kwa kadiri ya kazi yake, kama ilivyompa msimamizi wa yatima aliye fakiri katika sura ya An-Nisaa. Akila kwa wema, hakufanya khiyana. Amekula haki yake. Akila mpaka nyumba ikavuja na wenye haki wakalala njaa, yeye ni mwizi, japokuwa kila senti aliila kwa jina la usimamizi. Ndivyo ilivyo saa ya mja. Haimiliki, na ana haki ndani yake. Mwenye kumnyima haki hiyo amedhulumu, na mwenye kuitwaa yote akaiita mali yake ameiba.

Na wenye haki katika wakfu hiyo ni nani? Salman (Radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie) amewataja alipomzuru ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta afunga mchana na kusimama usiku kucha, na mkewe amejiachia hana anayemtazama. Salman alimlaza usiku, akamfuturisha mchana, akamwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipopewa habari alisema kuwa Salman amesema kweli. Watazame wale watatu: Mola, nafsi, ahali. Bao la Alhamisi limo katika haki ya nafsi, nayo ni haki ya kweli. Lakini ni moja katika tatu.

Nilipofika hapo nilimgeukia yule baba nikamwambia: "Mzee wangu, saa unayo, na wala si dhambi. Nami nakuuliza: na mama watoto, anayo yake?"

Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Hilo, Sheikh, sijapata kuliuliza."

Ndugu zangu, wangapi katika sisi tumepata kuliuliza? Mwanamume akitoka kwenda barazani husema amechoka. Mkewe ameamka kabla yake, amepika, amefua, amepeleka watoto chuoni, amewauguza, na huenda ameuza vitumbua asubuhi na mahamri jioni ili kodi ya nyumba itimie. Naye akichoka hana baraza. Na ajabu ni kuwa ile Hadithi ya Wahabeshi, ambayo wapenda michezo huishika kwa mikono miwili, haikupokewa na mwanamume aliyekuwa akitazama pamoja na wenziwe. Imepokewa na Bibi Aisha (Radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie). Mtume alimsitiri kwa shuka yake naye akiwatazama wakicheza, wala hakumharakisha, mpaka yeye mwenyewe alipotosheka akaondoka. Na ni yeye Bibi Aisha aliyeshindana mbio na Mtume, akamshinda mara ya kwanza, na mara ya pili, alipokwisha kunenepa, Mtume akamshinda. Basi mwenye kutoa dalili ya mchezo kwa Sunna, na aichukue Sunna yote. Fundi wa bao huichunga nyumba yake ubaoni, hapendi kuisafirisha ovyo, kwani ajua ikivunjika mapema mchezo umemharibikia. Na aichunge hivyo hivyo ile nyingine yenye mke na watoto.

Kijana naye alikuwa ametaja kuwa Mtume alichukia mazungumzo baada ya Isha. Hili ni sahihi pia, na wanavyuoni wamelieleza kuwa ni kwa kuogopea swala ya Alfajiri isimpite mtu, na kwa kuwa usiku wapendeza ukhitimishwe kwa ibada. Nao wamelitoa katika chuki hiyo jambo lenye kheri, kama elimu, na mgeni, na mtu kuzungumza na ahali zake. Na usiku wa kuamkia Ijumaa si kama nyusiku nyingine. Kwa hivyo tumewaambia wazee wetu kuwa mchezo wao wauhamishe uwe alasiri, au kama hawana nafasi isipokuwa usiku, basi usipite saa tatu na nusu, na mbao zikunjwe kila mtu arejee kwake hali ana nguvu ya kusoma Suratul-Kahfi na kuamka Alfajiri. Mwenye kukosa Alfajiri kwa ajili ya bao, bao hilo kwake limekwisha kuwa haramu, na asije kutuuliza tena habari za Imam Rafii.

Kisha kuna ulimi. Ubao hauna dhambi. Dhambi yaketi juu ya midomo iliyouzunguka. Tumesikia barazani viapo vya "Wallahi" kwa kila kete, na majina ya wasiokuwapo yakitafunwa pamoja na kashata, na mwenye kushindwa akifanyiwa shere mpaka akaondoka na donge moyoni. Mwenyezi Mungu, alipoharimisha kamari na ulevi katika sura ya Al-Maida, alitaja kuwa Shetani ataka kutia baina yetu uadui na bughudha. Basi mchezo usio na fedha, ukizaa uadui na bughudha, umezaa mtoto wa kamari japokuwa kamari haikuwapo.

Na mchezo ukiadibishwa, una funzo ambalo ni zito kupatikana mahali pengine. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia wake aitwaye Al-Adhbaa, hapitwi katika mbio. Akaja bedui na ngamia wake akampita. Waislamu wakaona uzito. Mtume akawafahamisha kuwa ni haki kwa Mwenyezi Mungu kuwa hakuna kitu kinachoinuka duniani ila hukishusha. Barazani pale tajiri mwenye maduka hushindwa na mchukuzi wa mizigo, na mwalimu hushindwa na aliyekuwa mwanafunzi wake, kisha humpa mkono na kumpisha mwengine. Mtu aliyejifunza kushindwa mara moja kila wiki bila ya kumchukia aliyemshinda, huenda akawa na subira Mola wake atakapomshusha katika jambo lililo kubwa kuliko kete.

Limebaki jambo moja, nalo ni la vijana wetu. Nilimwuliza yule kijana: "Mwanangu, toka nyumbani kwenu mpaka barazani kwa baba yako, umepita vijana wangapi wa rika lako walioinamia simu zao wakibeti mechi za Ulaya?" Alisema hakuhesabu. Nikamwambia: "Hao ndio walio ndani ya aya ya Al-Maida bila ya khitilafu ya mwanachuoni yeyote, wa madhihabi yoyote." Fedha ya ada ya mtoto, na fedha ya kodi, na fedha aliyotumiwa mama mgonjwa, hutoka ndani ya simu kimya kimya, na hakuna ubao wa kupindua. Ni nyepesi kumkemea mzee aliyeketi wazi chini ya taa na kete zake. Ni nzito kumwendea rafiki yako faraghani ukamwambia: ndugu yangu, unaangamia. Tangu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, karatasi kama hizi zimekuwa zikikemea maovu, nasi hatutaacha. Walakini mkemeaji asichague ovu kwa wepesi wa kulikemea.

Na amri ya mema ina masharti yake: ajue mtu analoliamrisha, awe mpole katika kuliamrisha, na asiondoe ovu kwa ovu kubwa zaidi. Hata lau bao lingalikuwa haramu, kumwinamisha baba yako njiani mbele ya wenziwe akiokota kete kwa mwangaza wa simu si njia ya Manabii. Nabii Ibrahim (A.S.) alikuwa na baba aliyeabudu masanamu, na masanamu si bao, na juu ya hayo maneno aliyomwambia baba yake katika Sura Maryam kila mara aliyaanza kwa mwito wa upole wa mwana kwa mzazi wake. Kijana aliyasikia haya akainamisha kichwa. Aliondoka mahali pake akaubusu mkono wa baba yake, na baba akamshika kichwa. Hukumu ilikwisha siku ile. Mioyo huchukua muda zaidi, na hilo twamwombea Mola.

Fupi ya maneno: bao lisilo na fedha si haramu kwa madhihabi yetu. Hugeuka likiwa haramu linapopitisha swala, au linapodhulumu mwenye haki. Na linapozaa uadui na masengenyo, wenye kukaa hapo wanachuma dhambi kwa ndimi zao. Mwenye kuliacha kwa kutaka lililo bora amefanya vyema, na asimdharau asiyeliacha. Mwenye kulicheza na asiseme saa ile ni yake. Na aseme ana haki ndani yake, kisha awatazame wenye haki wenziwe. Na kila mwanamume asomaye karatasi hii, kabla hajatoka Alhamisi ijayo, na amuulize mkewe lile suali ambalo yule mzee hakupata kuliuliza.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika nyakati zetu, utupe mapumziko yasiyotusahaulisha Wewe, na utupe elimu yenye upole ndani yake. Wala usitujaalie katika waliopunjika kwa afya na faragha. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.